Mkeka wa Jalia

Jalia alipofiwa na mumewe, wenzake wa kazini walikuja kumliwaza, wakaishia kuliwazwa wao. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeligundua jambo hilo mpaka mwenye mkeka alipopaza sauti yake mwenyewe.

Jalia ni Mnubi wa Arua, mtaa wa Tanganyika, mwanamke wa makamo mwenye sauti ambayo madereva wa malori wanaijua kuliko sura yake. Kazi yake ni simu ya upepo. Kampuni inanunua ufuta na asali kwa wakulima wa West Nile, na malori yake hupita mahali ambapo simu za mkononi hazishiki. Kwa hiyo Jalia alikuwa akishinda katika chumba chake kidogo nyuma ya makao makuu, akiuliza nani amefika Omugo, nani amekwama kwenye tope la Ludara, nani bado anasubiri karatasi za forodha pale Vurra. Dereva akiwa na homa, Jalia alimtafutia zahanati. Dereva akiwa amegombana na mkewe, alimtuliza kwanza ndipo amwelekeze njia. Alianza kazi hiyo binti yake Zaitun akiwa mgongoni, na sasa Zaitun ameolewa Bombo na ana mtoto wake mwenyewe mgongoni.

Mumewe, Muzamili, alikuwa fundi cherehani. Ugonjwa wa sukari ulimla polepole: kwanza macho, kisha mguu, kisha akawa mtu wa kitandani. Jalia akitoka kwenye redio aliingia kwenye beseni na bandeji, na akitoka kwenye bandeji aliingia jikoni. Alimpenda? Alimpenda sana. Lakini kuuguza mtu miaka kunachosha mpaka mifupa, na siku alipomfumba macho mumewe, Jalia alilia kwa uchungu wa kweli, kisha akalala usingizi mzito uliomtia haya alipoamka.

Sheikh wa mtaa alimweleza mambo ya eda bila kuyazungusha. Kama kazi ndiyo inayokulisha, alimwambia, mchana nenda ukaifanye, lakini usiku ulale nyumba ya marehemu mpaka muda wako utimie. Miezi minne na ushei. Basi Jalia akawa anakwenda kazini na nguo zake nyeupe, bila wanja, bila manukato, na jua likianza kulegea yuko nyumbani, amekaa mkekani anapokea waliokuja kumpa pole.

Habari ya kuhama aliipata kwa redio. Swaka, dereva mkongwe kuliko wote, alikuwa Ludara akipakia asali, akauliza kana kwamba anauliza hali ya hewa: "Mama, ni kweli ofisi nzima inaenda Hoima?"

"Nani amesema?"

"Watu ya hapa Ludara iko nasema. Wewe hapana jua? Na wewe iko hapo ndani!"

Alichungulia dirishani. Kweli, wafanyakazi wote walikuwa wamesimama mbele ya ghala la asali, na meneja, Bwana Saturnino, alikuwa akizungumza huku anajipangusa shingo kwa leso. Jalia hakuwa ameitwa kwa sababu moja nyepesi: redio haiachwi peke yake. Kwa kuwa ndiye mwenye kuzijua habari za kila mtu, hakuna aliyefikiri kwamba kuna habari ambayo angehitaji kupewa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Makao makuu yanahamia Hoima, kule Bunyoro, ng'ambo ya mto. Kuna mafuta, kuna barabara mpya, kuna uwanja mkubwa wa ndege, na wenye kampuni wameona huko ndiko kwenye maisha. Arua hakitabaki kitu. Koboko litabaki ghala dogo na karani mmoja. Anayetaka kwenda atapewa nafasi yake kule, asiyetaka atapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri.

Jioni ile mkeka wa Jalia ulijaa. Desturi ni desturi: nyumba yenye msiba haifungi mlango, na mtu mwenye moyo mzito anajua pa kwenda kukaa. Wanaume walikaa barazani, wanawake ndani mkekani, pazia katikati, na malalamiko yakapita pazia hilo bila kupiga hodi. Mmoja ndiyo kwanza amemaliza kujenga. Mwingine ana mke anayeuza samaki sokoni, na mke kasema haendi ng'o. Jalia akazunguka na birika la kahawa ya tangawizi, mjane wa watu, akisema pole, pole, Mungu yupo, kunywa kwanza.

Aliyelia kuwapita wote ni Rosa Kiden. Rosa ni Mkakwa wa Koboko, karani wa stoo, mwanamke mwembamba aliyeachwa na mumewe na watoto wawili. Ndiye aliyekuwa akimshikia Jalia redio siku ambazo Muzamili alizidiwa. Sasa alilaza kichwa mapajani kwa Jalia kama mtoto.

"Dada Jalia, mimi hapana jua mutu kule. Mutu hata moja! Watoto yangu nitaacha na nani? Mama yangu miguu yake iko namna gani, wewe unajua. Kama hii kazi ya Koboko wangenipa mimi, ningepiga magoti."

"Pole, mdogo wangu. Nyamaza. Utaharibu macho."

Na kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Walikuja na nyuso za matanga, lakini jina la Muzamili halikutajwa tena. Ikafika mahali Jalia akawa anatoka kazini mbio kuwahi wageni, anasonga ugali, anaosha vikombe, anasikiliza. Wakiondoka, mgongo unamuuma na masikio yanavuma. Alikuwa amechoka. Hakuna neno jingine la kuliweka pale. Uchovu wenyewe ulikuwa wa zamani, ila sasa ulikuwa umepata wageni.

Tena kulikuwa na Asuman, shemeji yake, kaka wa marehemu. Si mtu mbaya Asuman. Ni mmoja wa wale watu wema ambao wema wao lazima ubebwe na mtu mwingine. Alikuja mchana wa Jumapili, akaikagua nyumba, akagonga ukuta huu na ule, akasema, "Shemeji, sasa wewe utapumzika. Hii kazi ya kupiga kelele kwa redio inaisha, na vizuri inaisha. Eda ikikwisha, mimi naleta mama kutoka Koboko, anakaa na wewe hapa. Mama hawezi kwenda hata choo peke yake. Lakini wewe kuuguza unajua. Sisi wote tunasema: kama Jalia, hapana mwingine."

Jalia akaitikia kwa kichwa tu. Alijua choo kile, alijua beseni lile, alijua bandeji zile zinavyokauka kwenye kamba. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, lakini moyo wake ulikuwa na nguvu za trekta, angeweza kuishi miaka kumi. Usiku huo Jalia alijiambia ukweli uliokuwa umemkaa kooni: anataka kwenda Hoima. Tena anautaka mji huo kwa lile lile linalowaliza wenzake, kwamba hamjui mtu kule na hakuna mtu anayemjua. Anataka chumba chenye mlango mmoja na ufunguo mmoja, na ufunguo wenyewe uwe mfukoni mwake. Afanye kazi yake, arudi, afunge, asibishiwe hodi.

Kuutamka ukweli huo ndiko kulikuwa kazi. Mjane aliye edani anatazamiwa kuinamisha kichwa. Akisema anataka safari, watu watauliza anakimbilia kwa nani.

Kwa hiyo akaamua kungoja aulizwe. Bwana Saturnino alikuwa akiwaita watu ofisini mmoja mmoja, anamuuliza kila mmoja kwa jina: unakwenda au unabaki? Aliwauliza madereva, akawauliza wapakiaji, akamuuliza hata mzee Afedra wa ghala la Koboko, ambaye meno yamemwisha na anachotaka ni kurudi kwenye shamba lake la mihogo. Jalia akajiandalia jibu. Akalifanyia mazoezi akioga. Siku zikapita, na kila Saturnino alipopita mlangoni pa chumba cha redio alishusha macho, akaweka mkono kifuani kwa heshima, akaenda zake.

Rosa ndiye aliyelipasua jipu jioni moja, huku akipuliza kahawa yake. "Wanasema redio ya Hoima watatafutia mutu mwingine. Kijana ya huko huko."

Jalia akaweka birika chini. "Mutu mwingine, na mimi?"

"Dada, wewe iko kwa eda!" Rosa alishangaa kweli. "Nani ataulizia mutu wa eda maneno ya safari? Itakuwa aibu."

Wanawake mkekani wakaitikia, ndiyo, ni aibu. Jalia akawatazama mmoja mmoja. Wote hawa walikuwa wamelia mapajani mwake, na wote walijua tangu zamani kwamba nafasi yake itapewa mwingine. Hawakumficha kwa ubaya. Walimstahi. Walimstahi mpaka wakamfuta. Hasira zikampanda kutoka miguuni, hasira za mtu aliyezoea kuzimeza, na safari hii hazikumezeka.

Bwana Saturnino alikuwa nje barazani jioni hiyo, na Asuman yuko naye, wanazungumzia bei ya mabati. Jalia hakusogeza pazia. Alitoa ile sauti yake ya redio, sauti ya kupita juu ya milio ya injini.

"Bwana Saturnino! Unanisikia?"

Saturnino akaacha mambo ya mabati. "Nakusikia, mama."

"Uliuliza kila mutu kama anaenda. Mimi hukuniuliza. Kwa nini?"

Alisikika akikohoa. "Mama, mimi niliheshimu matanga yako."

"Asante kwa heshima. Sasa niulize."

Saturnino, mtu mzima mwenye kitambi na gari la kampuni, akauliza kwa sauti ndogo ya mtoto mbele ya mwalimu: "Mama Zaitun, wewe unaenda Hoima?"

"Naenda. Leo siwezi, nalala nyumba hii mpaka eda yangu iishe, usiku hata moja sikosi. Ikiisha, naenda."

Asuman ndiye aliyelipuka. "Maneno gani haya, shemeji? Kaburi ya ndugu yangu bado mbichi! Na mama?"

"Kaburi naijua, shemeji, mimi ndiyo nililia. Mama iko na watoto. Wewe ni mtoto wake."

Saturnino akajikuna kichwa, akasema ukweli mwingine uliokuwa mgumu: redio haiwezi kukaa bila mtu miezi yote hiyo, wakubwa hawatakubali. Hapo Jalia akageuka na kumtazama Rosa Kiden, ambaye machozi yalikuwa yamekwisha kumkusanyikia kwa mazoea.

"Rosa anajua redio. Rosa ataenda kunishikia kiti. Eda yangu ikiisha mimi naenda, yeye anarudi Koboko, anachukua ghala. Mzee Afedra atangojea kidogo. Si hiyo ndiyo kazi uliomba, Rosa, hapa hapa?"

Rosa alilia kwa hilo pia. Alilia kwa sauti, akasema atakufa kule, lakini akakubali. Saturnino akakubali mbele ya watu wote, na mbele ya Asuman aliyekuwa amevimba mashavu. Kiti ni chako, mama, alisema, kitakungoja mpaka uje.

Wakahama. Meza zikapakiwa, mlingoti wa redio ukashushwa, malori yakashika njia ya Pakwach kuvuka mto. Jalia hakwenda kuwaaga. Alibaki nyumbani na nguo zake nyeupe, na kwa mara ya kwanza mkeka ulikuwa mtupu. Alifikiri angefurahi. Alifurahi siku mbili tatu, kisha akaanza kutega masikio kila lori likipita barabarani.

Rosa alipiga simu kila jioni. Chakula cha Hoima hakina ladha. Chumba kinavuja. Na watu wa kule wana kituko: hawakuiti kwa jina lako, lazima wakupe jina jingine la kukusalimia, jina la heshima, na wakikutana nawe wanakuita hilo. "Mimi niko na jina yangu!" Rosa alilia. "Baba yangu alinipa. Wao wananipa ingine ya nini?" Jalia akamtuliza. Tena akamfundisha kazi: Swaka usimharakishe, akinyamaza ujue anapanda mlima. Yule wa lori la buluu akisema kila kitu kiko sawa, muulize mara ya pili. Ukisikia Vurra kuna foleni, waambie wanywe chai, wasigombane na askari. Yote aliyokuwa akiyajua alimmiminia Rosa kwenye simu, jioni baada ya jioni, mpaka sauti ikamkauka.

Kisha simu zikapungua. Rosa alipopiga hakulia, alicheka. Watoto wameletwa, wameanza shule. Mama yuko kwa dada, hajambo. Chumba kimezibwa. Siku moja kuliingia sauti ya mtu nyuma yake, inamwita kwa jina la kule, "Akiiki! Akiiki!" na Rosa akaitika, "Naam, nakuja," bila hata kugundua kwamba ameitika. Jalia aligundua. Aligundua vizuri sana, lakini akajifanya hakusikia, maana bado alikuwa na wiki za kulala nyumba ile, na mtu aliyefungwa mguu hagombani na aliye huru.

Asuman naye hakungoja eda iishe. Alimleta mama yake kutoka Koboko kwa gari la kukodi, akamshusha uani na kiti chake na godoro lake, akasema ni kwa muda tu. Mama mkwe alikuwa bibi kizee mwenye macho makali na mkono wa kushika. Kuanzia alfajiri aliita, "Jalia! Maji! Jalia! Nigeuze!" Jalia akamgeuza, akamwosha, akamlisha mkate mwembamba wa kisira uliolowekwa kwenye mchuzi. Hakumchukia. Alikuwa anamwosha huku anafikiri, hivi ndivyo nitakavyozeeka, na mimi sina wa kumwita hapa karibu.

Siku eda ilipotimia, wanawake wa mtaa walikuja wakamwogesha, wakamfukiza ubani, wakampaka hina, wakamvika gurbaba mpya, vazi la Kinubi lenye maua mekundu. Wakapiga vigelegele kidogo, kwa adabu. Jalia alijitazama kwenye kioo, akaona mwanamke aliyekonda, macho yamezama, lakini yuko. Walipoondoka alichukua simu akampigia Rosa.

"Nimemaliza, mdogo wangu. Jumatatu napanda basi."

Kama mvua iliyokuwa ikingoja tu mlango ufunguliwe, Rosa akaanza kulia.

"Dada Jalia, nisamehe. Nilitaka kukuambia. Bwana Saturnino anasema kazi yangu ni nzuri, anasema kama wewe ungekubali... Watoto wamezoea shule. Hapa watu wananipenda. Dada, wewe iko na nyumba kubwa, iko na familia, iko na heshima ya Arua yote. Mimi kule Koboko niko na nini? Nihurumie, dada. Wewe ndiyo unajua kuhurumia watu."

Jalia akakaa chini, pale pale mkekani. Hina bado ilikuwa mbichi viganjani. Neno "pole" lilikwisha kumfika mdomoni, lilikuja lenyewe, kwa mazoea ya miaka. Alimpenda Rosa. Alijua kila alichokisema ni kweli, kwamba watoto wamezoea na chumba kimezibwa, na kwamba kuhama mara ya pili kutamuumiza. Na alijua kwamba akilitamka neno lile moja, kiti kimekwenda, na kitakachobaki ni uani, beseni, na mkono wa kushika.

Akalimeza.

"Rosa, nimekusikia. Lia tu, mimi sikukatazi. Ukimaliza kulia, panguza meza na toka kwa kiti yangu."

"Dada..."

"Koboko iko. Mzee Afedra anakungoja, meno yake imekwisha kwa kungoja. Hiyo kazi uliililia hapa, kwa mkeka yangu, mimi nakushika kichwa. Saturnino alisema mbele ya watu kiti ni yangu. Jumatatu niko njiani."

Rosa aliendelea kulia. Jalia alimsikiliza kidogo bila kusema kitu, na hakuna kilichowahi kumwia kigumu kama kukaa kimya kule. Kisha akakata simu. Machozi yakamtoka yeye mwenyewe, si haba, na hakukuwa na mtu mkekani wa kumwambia pole.

"Jalia!" sauti ikaita kutoka uani. "Jalia! Maji!"

Akajifuta uso, akainuka, akachota maji kwenye kikombe cha bati. Alimpelekea mama mkwe kwa mikono miwili, akapiga goti kama inavyotakiwa, akamshikia kikombe mpaka akanywa yote, akampangusa kidevu. Bibi kizee alimtazama gurbaba na hina. Jalia akarudi ndani, akaukunja mkeka, akausimamisha nyuma ya mlango, akampigia simu Asuman.

"Shemeji," alisema, "mama amekunywa maji. Hiyo nimempa mimi. Ya Jumatatu utaleta wewe."